Kiinua Mgongo Kilicholala Sebuleni

Siku tulipomaliza matanga ya mama mkwe wangu, binti yangu Salome alinivuta nje ya turubai akanionyesha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka, na pembeni namba nilizoshindwa kuzisoma bila miwani. "Mama," akaniambia, "hisa zenyewe ndizo hizi. Lakini kiinua mgongo chako usikiingize sasa hivi, bei iko juu. Tusubiri ishuke ndipo tununue, halafu ikifika juu kabisa tunauza." Nikamuuliza nani atatuambia kwamba hapo ndipo juu kabisa. Akasema kuna watu wanafuatilia. Nikacheka, kicheko kisichofaa msibani, mpaka shangazi mmoja akageuka kunitazama. Sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa nimemsikia babu yake, aliyefariki Salome akiwa bado mdogo, akisema maneno hayo hayo katika sebule ya kota za reli pale Mpanda, mwaka ambao Salome alikuwa tumboni mwangu na mimi sikuruhusiwa hata kumtazama mzee huyo usoni.

Nilifika Mpanda mwezi wa sita, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa bibi harusi wa wiki chache. Mume wangu Gervas alikuwa amepangiwa kufundisha Sibwesa, katika shule ambayo nyumba ya mwalimu ilikuwa bado msingi na ahadi, kwa hiyo akaniacha kwa wazazi wake mpaka mambo yakae sawa. Kota ile ilikuwa na vyumba viwili na sebule, sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa dawa mpaka ikateleza, na jiko la nje lililokuwa jeusi ndani kama chungu. Treni ilipoingia, vikombe vilitetemeka kabatini, na mama mkwe alikuwa akivishika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiendelea kuchambua mchele. Asubuhi tulikunywa chai ya asali badala ya sukari, kwa sababu asali ililetwa na jamaa kutoka porini na sukari ilitaka hela. Nilivipenda vitu hivi mapema kuliko nilivyowapenda wenye nyumba.

Tabu yangu ilikuwa baba mkwe. Alikuwa Mkonongo wa kale, na katika nyumba yake mkwe wa kike hampi mkono baba mkwe, hali naye, hamtaji jina, hapiti mbele yake akiwa amesimama wima, wala hazungumzi naye ana kwa ana mpaka mzee atoe kitu cha kumfungua kinywa. Wengine hutoa mbuzi mwezi wa kwanza wa ndoa. Huyu hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimezoea kuzungumza na kila mtu, hata na wasiotaka, na ukimya ule ulinishinda. Mama mkwe aliona, akanihurumia. "Ukiwa na neno," akaniambia, "mwambie kuku. Mzee akiwa karibu atasikia." Nikadhani ananitania. Lakini siku hiyo hiyo nikamsikia baba mkwe mwenyewe upande wa pili wa mlango, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini: "Kuku, mwambie mama kwamba chai ya leo ilikuwa nzuri." Mama huyo nilikuwa mimi. Kulikuwa na tetea mwekundu aliyezoea kuingia ndani kama mpangaji. Tukampa jina la Karani, na kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekuwa kati yangu na baba mkwe wangu.

Mzee alikuwa amestaafu kabla tu ya mimi kuolewa, baada ya kufanya kazi stesheni tangu ujana wake. Kiinua mgongo kilikuja chote kwa pamoja, na kila mtu alikuja na ushauri wake. Jirani yetu Masanja, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini na kutuletea maziwa kila asubuhi, hakumaliza hata salamu. "Nunua ng'ombe, mzee mwenzangu. Hela ukiiweka ndani inakaa tu. Ng'ombe hakai, anazaa." Mama mkwe alitaka kitu kimoja tu, bati. Kota ilikuwa ya reli, si yetu, na tulikuwa tumeambiwa tuiachie ifikapo mwisho wa mwaka, kwa maana kuna mfanyakazi mwingine anahamishiwa Mpanda na familia yake. Kule Ilembo mzee alikuwa na kiwanja, na juu yake nyumba ya tofali mbichi iliyofika usawa wa lenta, juu tu ya madirisha, ikakaa hapo, wazi kwa mbingu. Zikipatikana bati kabla ya mvua, tunahama. Zisipopatikana, hatuna pa kwenda. Mambo yalikuwa hayo tu, hata Karani aliyaelewa.

Baba mkwe alikuwa na akili nyingine. Kwa miaka yote ile alikuwa ameona mchele ukipakiwa kwenda Tabora na Mwanza, na alijua mwendo wa bei kama mama anavyojua homa ya mwanawe. Mpunga ukivunwa, bei inalala. Ukipita mwezi wa kumi na mbili, inaamka. Halafu kuna siku moja, aliamini yeye, siku ambayo wafanyabiashara wanaoomba mabehewa wanakuwa wengi kuliko mabehewa yenyewe, wanagombana mbele ya ofisi ya stesheni masta, na hapo ndipo bei imefika kileleni. "Wengine wanauza kwa kubahatisha," alisema. "Mimi nitauza nikiwa nimeiona siku kwa macho." Na kwa kuwa stesheni nzima ilimfahamu, behewa lake halingekosekana. Akapanda lori kwenda Kibaoni, akakaa huko muda akinunua mpunga kwa wakulima, akarudi juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye kope, akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka. Nilimchungulia dirishani, na bado nakiri kwamba alikuwa amependeza.

Magunia yakaingia sebuleni kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Makochi yakatolewa nje, kabati likasogezwa, na magunia yakapangwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mpaka karibu na dari, yakiacha nafasi ndogo upande wa mlango wa mbele na nyingine upande wa uani. Nyumba nzima ikanuka pumba na jua. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mzee akawa anakaa upande wake na redio, sisi wanawake upande wetu na ungo, na magunia katikati. Kwa mila hatukuwa pamoja. Kwa masikio tulikuwa chumba kimoja. Nilisikia kila neno la mzee na mkewe, na wao walijua kwamba nasikia. Nilimjua baba mkwe wangu kwa sauti kabla sijaijua sura yake vizuri: jinsi anavyokohoa kabla ya kukubali kosa, jinsi anavyosema "basi" mara mbili anapokuwa hajakubali.

Mwezi wa kumi na moja akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Tabora, mwenye kanga ya bei na kicheko cha mtu aliyekula vizuri. Alitia mkono kwenye gunia, akausugua mpunga viganjani, akataja bei. Mama mkwe alinikamata kiwiko. Ilikuwa bei ya bati zote, na misumari, na hela ya fundi, na kitu cha kubaki. "Bado," akasema mzee. "Bado nini, baba?" akauliza yule mama. "Bado siku yake." Yule mama akacheka, akasema basi atapita jirani, na alipita kweli. Alipoondoka, mama mkwe alizunguka nyumba nzima kwa nje ili aingie kwa mlango wa mbele, maana hakutaka kuyasema kupitia magunia. "Baba Gervas, uza hata nusu. Nusu iwe bati, nusu iingoje hiyo siku yako." "Nusu ni woga," akajibu mzee. "Nikiuza sasa napata bati. Nikisubiri napata bati, saruji, na mashine ya kukoboa ya kutulisha uzeeni. Mama Gervas, mimi sitapata kiinua mgongo kingine. Hiki nikikikosea nimekwisha." Nilisikia hofu ndani ya maneno yale. Mpaka siku ile nilikuwa nimedhani ni tamaa. Nikamshika Karani mapajani, nikasema kwa sauti, "Kuku, mwambie mzee wingu la leo si la mchezo." Upande wa pili akakohoa. "Kuku, mwambie mama kwamba mvua haizuii treni. Reli haijawahi kuniangusha."

Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa reli tu angeweza kulifanya. Mkulima angeogopa panya, Masanja angeogopa wezi, mimi niliogopa kila kitu. Yeye alitazama bei upande huu na mabehewa upande ule, na hakutazama kabisa tuta lenyewe ambalo reli imelala juu yake. Mvua zilianza kama mvua nyingine, kisha zikasahau kukata. Zilikuwa zile mvua ambazo redio ilizipa jina la kigeni, na ambazo watu wa rika langu bado wanazitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Wafanyabiashara wakaanza kujaa stesheni, bei ikapanda, mzee akawa anarudi nyumbani akipiga mluzi. "Kesho au keshokutwa," alimwambia mkewe. "Wameanza kusukumana." Kesho yake stesheni masta akatoka na chaki akaandika ubaoni kwamba maji yamekata njia kuelekea Kaliua, na hakuna treni mpaka itakapotangazwa. Ndani ya wiki moja bei ya mchele pale Mpanda ilianguka kupita hata ile ya mavuno. Mchele ulikuwa umejaa mjini na hauna pa kwenda, na sisi tulikuwa tumekaa katikati yake.

Sikumbuki kelele siku zile. Nakumbuka mlo: ugali na mlenda, samaki wachache wa migebuka waliokaushwa, na mzee kurudisha sahani kama ilivyokwenda. Nakumbuka mama mkwe, ambaye hakusema hata mara moja kwamba aliwahi kusema. Jambo jema lilikuwa moja, nalo lilituchekesha hata katikati ya balaa: yule mfanyakazi aliyekuwa anakuja kutufukuza naye alikuwa amekwama huko huko njiani na mizigo yake, kwa hiyo kota ikabaki yetu mpaka afike. Lakini nyumba ya Ilembo haikuwa na wa kuihurumia. Fundi wetu Nikodemu, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, mtu mpole anayeongea kana kwamba kila neno analiazima, alikuja akasimama mlangoni maji yakimtiririka. "Mzee, upande wa jiko umelala chini. Hizo kuta zingine zinalia. Tukizivika kofia wiki hii, zitapona. Tukichelewa, mimi nitakuja tu kukupa pole." Mzee alivaa koti lake la kazini, lile lenye vifungo vya shaba, akamfuata kwenye mvua. Alirudi mchana ule matope mpaka magotini, akaketi upande wake, na tukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye koti.

Kisha akasema, "Mkwe." Mimi na mama mkwe tukatazamana. Hakusema kuku. "Mkwe, nakuuliza wewe. Hesabu yangu imekufa. Wewe ungeuzaje?" Mama mkwe alinipa ishara kwa kidevu, jibu. Mtoto tumboni akapiga teke kana kwamba na yeye ameulizwa. Sikuwa na elimu ya biashara. Nilikuwa na ungo mapajani, na ndani yake mchele wa chakula cha jioni. Nikapiga moyo konde. "Baba, mimi ningeuza kama tunavyokula. Leo kidogo, kesho kidogo. Hatujawahi kukaa njaa tukingoja siku yenye njaa kubwa kuliko zote ili tule chakula chote. Siku nyingine bei itatuonea, siku nyingine itatupendelea. Lakini kila siku tutakuwa tumekula." Akasema "basi". Nikangoja "basi" ya pili. Haikuja. Badala yake nikasikia anahangaika, anahema, na gunia la juu likasukumwa kutoka upande wake likaanguka upande wetu kwa kishindo, mpunga ukavuja kidogo. "Hilo ni lako," akasema. "La kukufungua kinywa. Nilichelewa. Kauze unavyojua." Mama mkwe akapiga kigelegele peke yake, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Mimi nililia kabisa, bila aibu, na hata sasa nikiandika macho yangu hayaoni vizuri.

Tulianza na gunia hilo. Stesheni ilikuwa imejaa wasafiri waliokwama, wanawake na watoto wamelala juu ya mizigo, na watu hawa walikuwa na njaa kila siku. Tulikoboa debe mbili tatu, tukauza mchele kwa kopo kwa mama ntilie, uliobaki tukapika wenyewe, wali na maharage, na mama mkwe akaugawa kwa mkono usiojua ubahili. Masanja alichukua mpunga akatulipa kwa maziwa, tukayauza nayo. Nikodemu alikubali ujira wake uwe mpunga, kwa sababu na yeye alikuwa na midomo nyumbani. Bei ilikuwa mbaya, nisidanganye. Kila jioni mzee alikuwa akiugulia akitazama gunia lingine likitoka kwa bei ambayo mwezi mmoja nyuma angeitemea mate. Lakini kila tulipopata kidogo tulikwenda duka la vifaa sokoni tukanunua bati, wakati mwingine mbili tu, na mzee mwenyewe akazibeba kichwani hadi Ilembo mvua ikizipiga juu yake. Tulifunika chumba kimoja. Kisha cha pili. Kuta zikaacha kulia. Na kadiri magunia yalivyopungua, ndivyo nilivyoanza kumwona baba mkwe wangu: kwanza kofia, kisha paji la uso, kisha siku moja macho yake, ambayo yalikuwa madogo na ya upole kuliko sauti yake. Nikainamisha kichwa. Yeye akageuzia redio uso, akajifanya anatafuta stesheni.

Tulihama mwezi wa pili, kabla mwenye kota hajafika. Salome alizaliwa mwezi uliofuata, nikamleta kutoka hospitali kwenye chumba kisicho na dari wala mlango, kitenge kikiwa pazia, sakafu ya udongo uliopigwa vizuri. Gervas alikuja kutoka Sibwesa kwa miguu na kwa trekta, akasimama katikati ya chumba akitazama juu, akasema tu, "Hakuvuji." Ni katika chumba hicho nilipojifunza kwamba hofu ya mzee ilikuwa halali. Mtu anayepewa maisha yake yote mkononi siku moja, na kuambiwa hakuna mengine, lazima atafute siku moja iliyo kubwa ya kutosha kuyabeba. Mimi sasa nimestaafu, nimepewa ya kwangu, na usingizi umenipungua kwa sababu hiyo hiyo. Nimemwambia Salome tutanunua hizo hisa zake, kidogo kila mwezi, mstari ukiwa juu au ukiwa chini, na kwamba asinipigie kunieleza umefika wapi. Amesema mimi ni mgumu. Nimemwambia kwamba hajaona wagumu.

Treni ilirudi mvua zikiwa bado hazijaisha. Tulisikia honi mpaka Ilembo. Mzee aliacha chai yake akaenda stesheni karibu akimbie, na alikaa huko hadi jua likaelekea kuzama. Alikuta kile alichokuwa amekiona kichwani mwake miezi yote: wafanyabiashara wamejazana, wanavutana mashati mbele ya ofisi, mabehewa hayatoshi, Tabora na Mwanza hawajaona mchele kwa muda mrefu. Ile siku ilikuwa imefika kweli. Sisi tulikuwa tumebakiwa na mpunga wa kula tu. Alirudi, akaingia, akakaa kwenye kigoda. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi mama mkwe amsogelee ili amsikie. Akataja bei. Mama mkwe akafumba macho.

"Nilikuwa sahihi," akasema mzee.

"Ulikuwa sahihi, Baba Gervas."

Akatazama juu, akazifuata bati kwa macho, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua behewa. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa pembeni na mtoto, nikijiandaa kutoka kama ilivyo desturi chakula kikiletwa. "Mkwe, unakwenda wapi na mvua yote hii?" Nikasema nakwenda jikoni, nimpishe ale. "Kaa," akasema. "Nipe huyo mtoto, nawa mikono. Tule."

Mama mkwe alitua sinia katikati yetu, wali na maharage. Nilinawa, nikakaa, nikachukua tonge dogo la aibu. Mzee, Salome akiwa amelala kwenye mkono wake wa kushoto, akaisogeza mboga upande wangu kwa mkono wa kulia, akaendelea kula. Nikachukua tonge la pili, kubwa zaidi, kwa sababu nilikuwa na njaa.